Kuona na Kukisia: Darsa Juu ya Sayari za Nyota za Mbali

Ndugu zetu wa Kisaju wametuletea swali ambalo tumeona si vyema kulijibu kwa barua ya faragha, kwani wenye kulihitaji jawabu lake ni wengi, huko bara na huku kwetu pwani. Kisaju ni mji mdogo ulioko katika njia kuu iendayo Namanga, ukishapita Kitengela na kabla hujafika Isinya, katika Kaunti ya Kajiado. Ni nchi ya Wamasai, uwanda mpana usio na miti mingi, na katika miaka hii wamehamia hapo watu wa kila namna, wakiwamo watu wa pwani waliofuata kazi na viwanja. Tulipokwenda kuwazuru tulikuta katika chuo chao cha watoto picha kubwa ya rangi imetundikwa ukutani. Ilionyesha tufe la samawati lenye bahari na mawingu, na nyuma yake jua jekundu. Na chini yake yameandikwa maneno kwamba hiyo ni sayari ya Enaiposha, iliyopigwa picha na darubini iitwayo Webb.

Mwalimu wa chuo alikuwa akiitumia picha hiyo katika kuwasomesha watoto uwezo wa Mola wao. Siku moja kijana wa hapo hapo, anayesoma chuo kikuu, akamwambia mbele ya watoto kuwa picha ile haikupigwa na darubini yo yote, bali imechorwa na mchoraji. Hapo maneno yakazuka. Wengine wakamlaumu kijana kwa kukosa adabu. Mzee mmoja akasema kuwa kama picha ni uwongo, basi na habari zote za wataalamu wa nyota ni uwongo, hata hesabu zao za mwandamo wa mwezi. Na mtoto mmoja wa miaka 12 akamwuliza babake nyumbani, ikiwa mwalimu ametwambia lisilokuwa katika hili, je, na yale mengine? Swali la mtoto huyu ndilo lililotufanya tushike kalamu.

Kwanza tueleze Enaiposha ni nini. Mwaka 2022 Umoja wa Kimataifa wa Wataalamu wa Nyota uliwaalika watu wa mataifa yote wapendekeze majina ya nyota 20 na sayari zake, ambazo zilikusudiwa kutazamwa kwa darubini Webb. (Twasema wataalamu wa nyota wala hatusemi wanajimu, maana neno hilo huku kwetu limekwisha chafuliwa na wapiga ramli.) Mwezi wa Juni 2023 majina yakatangazwa. Nyota iliyokuwa haina jina ila nambari, GJ 1214, ikaitwa Orkaria, na sayari yake ikaitwa Enaiposha. Yote mawili ni maneno ya Kimasai yaliyopelekwa kutoka Kenya. Orkaria ni udongo mwekundu ambao Wamasai hujipaka, na nyota yenyewe ni nyekundu. Enaiposha ni maji makubwa yenye mawimbi, ziwa au bahari, na ndilo neno lililozaa jina la Naivasha. Si ajabu basi kuwa watu wa Kisaju waliifurahia picha ile kuliko nyingine yo yote.

Lakini hakuna aliyeiona Enaiposha. Iligunduliwa mwaka 2009 kwa darubini ndogo zilizoko Arizona, Marekani, ambazo kioo cha kila moja hakikuzidi upana wa sentimita 40. Walioigundua waliona jambo moja tu: nuru ya nyota ile hupungua kwa zaidi kidogo ya sehemu 1 katika 100, kisha ikarejea, na kila zikipita saa 38 hupungua tena kwa kadiri ile ile. Wakajua kuwa kuna kitu kinachopita mbele yake. Kwa kiasi cha nuru iliyozibwa walipima upana wake, wakaupata kuwa yapata mara 2.7 ya upana wa dunia yetu. Na kwa jinsi nyota inavyoyumba kwa kuvutwa nacho umepimwa uzito wake, ukapatikana kuwa kama mara 8. Mwaka 2022 darubini Webb iliitazama nyota hiyo kwa muda wa mzunguko mzima wa sayari, na mwaka 2023 ikatangazwa kuwa upande wa mchana wa sayari joto lake ni kama digrii 280, na upande wa usiku kama 165, na kwamba anga lake limefunikwa na ukungu mzito. Maji yachemkayo katika sufuria zetu hayapiti digrii 100. Hizi ni habari za kweli, zimepatikana kwa kazi kubwa na kwa hesabu iliyo wazi. Ila ni habari za kivuli. Mtu aliyeona kivuli cha jahazi juu ya mchanga anajua kuwa jahazi lipo, na pengine anajua urefu wake, lakini hawezi kukwambia limepakwa rangi gani. Ile bahari ya samawati na yale mawingu meupe ni ya mchoraji.

Je, basi darubini haziwezi kuiona sayari yenyewe? Zaweza, na zimekwisha ona kadhaa, ingawa si hiyo. Na namna zinavyoona tulifunzwa hapo hapo Kisaju bila ya kukusudia. Usiku ule baada ya sala ya isha tulisimama kando ya njia tukingoja gari. Lori likaja kutoka upande wa Namanga limewasha taa zake zote, nasi hatukuona kitu kingine ila taa hizo. Mmoja wetu akainua kiganja akaziba taa, na mara akasema, "Kuna mtu anakuja pale kando." Kweli alikuwapo mtu akitembea pembeni mwa njia na kitochi cha simu mkononi. Alikuwa akimulika wakati wote, lakini nuru ya lori ilikuwa imemmeza.

Chombo ambacho wataalamu wamekuwa wakikitengeneza kwa miaka mingi ni kile kiganja. Tofauti ni kiasi cha kazi. Lau mtu angelikuwa mbali katika nyota nyingine akatazama huku kwetu, angeliona jua limeizidi dunia kwa nuru yapata mara bilioni 10, na vitu viwili hivyo angeliviona vimekaribiana kama kwamba vimegusana. Na hapo ndipo penye taabu ya Enaiposha. Dunia yetu iko mbali na jua kilomita milioni 150, lakini Enaiposha iko mbali na nyota yake kilomita milioni 2 na kidogo tu. Nasi twazitazama zote mbili kutoka mwendo ambao nuru yenyewe huukata kwa miaka 48. Hakuna kiganja kilichotengenezwa hata leo kiwezacho kuiziba nyota ile bila ya kuiziba na sayari.

Aliyeanza ni Mfaransa, Bernard Lyot, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Yeye hakuwa akitafuta sayari. Alitaka kuuona utaji wa nuru unaolizunguka jua, ambao watu walikuwa hawauoni ila jua likipatwa kabisa. Akaweka ndani ya darubini kibati kidogo cha kuuziba uso wa jua, akalipatisha jua wakati autakao. Lakini kibati peke yake hakikutosha, kwa sababu nuru ipitapo ukingo wa kitu haikatiki moja kwa moja kama uzi, bali humwagika kidogo upande wa pili, mfano wa wimbi lipitapo ncha ya gati likazunguka nyuma yake. Lyot akaona mahali ambapo nuru hiyo iliyotoroka hukusanyika, akaweka pete ya kuizuia huko nako. Chombo chake kikaitwa koronagrafu, na vyombo vya leo vya kutafutia sayari ni watoto na wajukuu wake.

Watoto hao walikutana na taabu mbili ambazo baba yao hakuzijali sana. Ya kwanza ni hewa. Twaziona nyota zikimemeteka, nasi huona uzuri. Lakini kule kumemeteka ni nuru inayotikiswa na hewa, na nuru inayotikisika haizibiki vyema. Kwa hivyo darubini zikapelekwa juu ya hewa: Hubble mwaka 1990, na Webb tarehe 25 Desemba 2021. Na wenzetu wa pwani wajue kuwa mambo haya si ya wageni watupu. Antena zilizoko Malindi zilikuwa miongoni mwa zilizopokea habari za mwanzo za Webb siku ile ya kurushwa kwake. Na kabla ya hapo, tarehe 12 Desemba 1970, kutoka katika jukwaa la San Marco lililosimamishwa na Wataliani baharini karibu na Malindi, kilirushwa chombo cha kwanza duniani kilichotengenezwa makusudi kwa kutafuta nyota zenye kutoa miale ya eksirei. Kwa kuwa siku ile ilikuwa siku ya uhuru wa Kenya, kikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Vitabu vya elimu ya nyota vingali vinalitaja jina hilo hata leo, hali watoto wetu wengi hawajalisikia.

Taabu ya pili ndiyo inayohusu swali letu zaidi. Hakuna kioo kisicho na ila. Kioo kizuri kabisa, kilichosuguliwa kwa miaka, kina vilima na mabonde madogo mno yasiyoonekana, na kila kilima hurusha chembe ya nuru ya nyota mahali pasipokuwa pake. Picha ikitoka, hutoka imejaa madoa; na kila doa lina sura ya sayari! Asiyekuwa mwaminifu aweza kuchagua doa lo lote akalipa jina. Ndiyo maana nusu ya kazi ya vyombo hivi ni kuiona sayari, na nusu ya pili, iliyo ngumu kuliko ya kwanza, ni kuyajua madoa ya uwongo na kuyafuta. Huizungusha darubini, wakapiga picha tena. Doa lililozaliwa na kioo huzunguka pamoja na kioo, na sayari hubaki mahali pake mbinguni. Hutazama nyota nyingine isiyokuwa na sayari, wakalinganisha. Kisha hungoja, pengine mwaka na zaidi, waone kama doa linakwenda pamoja na nyota yake.

Chombo kilichotengenezwa Marekani kwa ajili ya darubini Roman kimelikabili jambo hili kwa njia mpya. Darubini hiyo imepewa jina la bibi Nancy Grace Roman, aliyefariki mwaka 2018, naye alikuwa mkuu wa kwanza wa elimu ya nyota katika shirika la NASA. Ndani ya koronagrafu yake mna vioo viwili vidogo vyenye kunepa, na nyuma ya kila kimoja mna visukumio zaidi ya 2,000 vinavyokisukuma na kukivuta kwa kiasi kidogo mno kuliko unene wa unywele. Chombo hujitazama chenyewe, kikaona madoa yako wapi, kisha kikavibadili vioo umbo mpaka nuru ya madoa ijifute. Sharti walilowekewa watengenezaji ni chombo kiweze kuona kitu ambacho nuru yake ni sehemu moja katika milioni 10 ya nuru ya nyota, nao wakatarajia kupita hapo. NASA ilitangaza kuwa darubini itarushwa si baada ya Mei 2027. Hata hivyo chombo hiki ni cha kujaribia. Kuiona dunia iliyo mfano wa yetu kwataka kiganja kilicho bora kuliko sharti hilo mara 1,000, na hiyo ndiyo kazi waliyoipanga kwa darubini nyingine ya baadaye. Wako pia wanaotaka kiganja kiwe nje ya darubini, yaani pazia kubwa linaloelea mbali mbele yake. Lyman Spitzer aliitoa rai hiyo tangu mwaka 1962, wala halijarushwa pazia la namna hiyo kutafuta sayari.

Basi mpaka sasa kimeonekana nini? Vimeonekana vitu vikubwa, ambavyo vingi ni vichanga, vingali na moto wa kuzaliwa kwao. Mwaka 2008 zilionyeshwa sayari tatu za nyota HR 8799, na ya nne ikafuata mwaka 2010. Hizo zilionekana kwa darubini zilizoko ardhini. Mwaka 2024 darubini Webb ikaonyesha sayari ya nyota Epsilon Indi, iliyoko karibu nasi mwendo wa miaka ya nuru 12. Hii ina ibra. Wataalamu walikuwa wakijua zamani kwa kuyumba kwa nyota kuwa ina sayari, na walikwisha kadiria uzito wake na mahali pake. Ilipoonekana, ikawa ni nzito kuliko walivyokadiria, wala haikuwa pale walipoitazamia. Ule ujuzi wa kivuli ulikuwa sahihi katika asili na ulikosea katika sifa. Wakaandika hivyo hivyo, kuwa tulikadiria kadhaa na tumeona kadhaa.

Na iko habari nyingine tunayoipenda zaidi, ingawa ni ya kushindwa. Kuna nyota ambayo mabaharia wa Kiarabu waliiita Famul-Huti, yaani kinywa cha samaki, na Wazungu wakaitamka Fomalhaut. Abdurrahman as-Sufi aliiandika katika kitabu chake cha sura za nyota mwaka 964. Mwezi wa Novemba 2008 ikatangazwa kuwa darubini Hubble, kwa kuziba nuru ya nyota hiyo, imeona sayari kando yake katika picha za mwaka 2004 na 2006. Magazeti ya dunia nzima yakaipiga chapa. Mwaka 2015 sayari ikapewa jina. Lakini wako waliokuwa na shaka, wakaendelea kutazama, na kila walivyotazama kitu kile kilizidi kufifia na kutanuka. Mwaka 2020 wataalamu wawili wakaeleza kuwa katika picha za mwisho hakipo tena, na kwamba yamkini hakikuwa sayari tangu mwanzo, bali ni wingu la vumbi lililotoka katika mgongano wa vitu viwili, kisha likatawanyika. Picha ilikuwa ya kweli, haikuchorwa na mtu. Kilichokosewa ni tafsiri yake. Na kosa likasemwa hadharani, katika majarida yale yale ya elimu.

Sasa tulirudie swali la Kisaju kwa upande wa dini. Katika Suratul-Hujurat tumeamrishwa tuihakikishe habari kabla ya kuitenda. Wengi huidhani amri hiyo kuwa ni kwa habari za adui tu, na habari inayotupendeza tukaipokea bila ya kuiuliza imetoka wapi. Lakini tazameni alivyofanya Mtume (S.A.W.). Mwaka wa 10 wa Hijra alifiwa na mwanawe Ibrahim, na siku ile ile jua likapatwa. Watu wakasema kuwa jua limepatwa kwa kifo cha Ibrahim. Ilikuwa ni habari ya kumtukuza, nayo imesemwa na watu wampendao, naye yumo katika msiba. Lau angelinyamaza tu, ingeliingia nyoyoni mwao kuwa ni muujiza. Hakunyamaza. Aliwabainishia kuwa jua na mwezi ni alama mbili za Mwenyezi Mungu, wala hazipatwi kwa kifo cha mtu wala kwa uhai wake, akawaelekeza kwenye sala. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim, na hatujui hoja iliyo kubwa kuliko hii juu ya wale wasemao kuwa picha isiyo ya kweli haina ubaya maadamu inaongeza imani.

Wala hatukubaliani na mtindo uliozagaa wa kukitafutia aya kila chombo kipya kikitoka. Chombo kesho hubadilika, na Fomalhaut imetuonyesha kuwa hata sayari huondoka. Je, aya iliyotundikwa juu yake itakwenda wapi? Kwa upande wa pili, mzee wetu naye amekosea, na twamwambia kwa heshima zote. Mchoraji akisema uwongo, au aliyeandika maneno chini ya mchoro akisema uwongo, hesabu ya mwandamo haidhuriki kwa hilo, kama vile ushahidi wa mwadilifu hautupwi kwa kuwa jirani yake ni mwongo. Kila habari ina mlango wake. Iko iliyoonwa kwa jicho au kwa chombo kilichojaribiwa. Iko iliyojulikana kwa athari, kama kivuli cha Enaiposha. Na iko iliyobuniwa. Kadhi anapomwuliza shahidi wa mwezi aliuona upande gani, na pembe zake zilielekea wapi, huwa anafanya lile lile wanalolifanya wenye kuizungusha darubini: anayatafuta madoa. Shahidi mkweli hachukizwi na maswali hayo. Nasi twajua wako walioona taa ya chombo baharini wakaapa kuwa wameuona mwezi, hali hawakukusudia kudanganya.

Ama kijana, alisema kweli, nayo kweli haihitaji idhini. Ila angelimwendea mwalimu faraghani kwanza, angelipata alilolitaka bila ya kumwaibisha mbele ya watoto. Na mwalimu hakusema uwongo kwa kujua. Alisoma maneno yaliyoandikwa chini ya picha akayaamini. Yanayomlazimu ni yale yale waliyoyafanya wa Fomalhaut, asimame mbele ya watoto wale wale, aseme kuwa nilidhani hivi na sasa nimejua vingine.

Tumepata barua kuwa amefanya hivyo. Mchoro hakuutupa, ila maneno ya chini ameyafuta, akaandika: Mchoro wa kubuni. Kando yake ametundika picha ya Epsilon Indi iliyopigwa na Webb, nayo ni uwanja mweusi wenye doa moja la rangi ya machungwa, na mahali pa nyota pametiwa alama tu, kwa kuwa nuru yake imezibwa. Watoto, asema mwalimu, hawakuipenda; wamesema haina bahari. Lakini yule wa miaka 12 aliuliza kwa nini nyota yenyewe haionekani, na mwalimu akawatoa wote nje usiku kwenda kusimama kando ya njia ya Namanga, wangoje lori.